Programu moja, simu ndogo na kishikwambi: kupanga skrini bila kuivuta

Swali. Natengeneza kwa Flutter, zana ya Google ya kutengenezea programu za simu, programu ya mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi. Michoro niliichora kwa upana wa 375, na kila kipimo nakizidisha kwa upana wa skrini gawanya kwa 375 ili kilingane na simu yoyote. Kwenye simu yangu iko sawa. Kwenye simu ndogo ya mwenye duka maandishi yamekuwa madogo mno; alipoongeza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya simu, vitufe vitatu vya chini vikakatika. Kibodi ikifunguka, inatokea mistari ya njano na nyeusi, ile ya Flutter ya kuonya kwamba kitu kimezidi nafasi yake. Kwenye kishikwambi kila kitu kimevimba. Je, nichore skrini tofauti kwa kila simu? Au nifunge programu isizunguke, ibaki wima tu?

Jibu. Hapana kwa yote mawili. Huhitaji mchoro kwa kila simu, na kufunga mzunguko hakutakufikisha mbali. Sababu nitaitaja nikifika huko. Kinachokuumiza ni hicho kizidisho. Kiondoe chote kwanza, hata kama programu itaonekana vibaya kwa siku mbili tatu, kwa sababu marekebisho mengine hayatashika kikiwa bado kipo.

Kizidisho kinachukulia kwamba kishikwambi ni simu iliyovutwa. Lakini macho ya muuzaji ni yaleyale akishika simu au kishikwambi, na kidole gumba chake hakinenepi. Skrini ikikua, kilichoongezeka ni nafasi. Nafasi unaitumia kwa kupanga vitu upya au kuonyesha vingi zaidi kwa pamoja.

Tena kazi ya kulinganisha ilikwisha kufanyika kabla msimbo wako haujaguswa. Vipimo unavyoandika katika Flutter si pikseli za kioo. Ni kizio ambacho Android inakiita dp, na hesabu yake ni pikseli × 160 ÷ msongamano wa kioo, yaani pikseli kwa kila inchi. Simu ya bei nafuu yenye pikseli 720 × 1600 na msongamano wa 320 ina dp 360 × 800. Simu ya bei kubwa yenye pikseli 1080 × 2400 na msongamano wa 480 nayo ina dp 360 × 800 zilezile. Simu nyingine ya 1080 × 2400, yenye msongamano wa 420, ina upana wa dp 411. Zile ndogo za pikseli 480 × 960 kwa msongamano wa 240 zina dp 320 × 640. Kwa hiyo simu karibu zote zinazouzwa madukani zikishikwa wima ziko kati ya dp 320 na 440, na kitufe cha dp 48 kina karibu ukubwa uleule wa kushikika kwenye zote.

Ukizidisha juu ya hapo, unaharibu. Kwenye upana wa 320 kizidisho chako ni 0.853: herufi za 14 zinashuka hadi 12, za 12 zinashuka hadi 10, na kitufe cha 48 kinakuwa 41, chini ya 48 ambayo miongozo ya Android inaitaka kwa kila kinachoguswa. Kwenye kishikwambi chenye upana wa dp 800 kizidisho ni 2.13, herufi za 14 zinakuwa 30 na kitufe cha 48 kinafika 102. Halafu kizidisho hicho hakigusi kila kitu. FilledButton, kitufe cha Flutter kilichojazwa rangi, ina nafasi yake ya ndani ya 24 kila upande ambayo hukuiandika wewe, kwa hiyo haikupungua pamoja na vingine. Mwenye duka alipoongeza maandishi kwa sababu hayasomeki, akiba ndogo iliyokuwa imebaki ikaisha na vitufe vikatoka nje ya ukingo.

Baada ya kukiondoa, acha vitu hivi viwe na kipimo kimoja popote: herufi za mwili 14 hadi 16, ikoni 24, eneo la kugusa 48, pambizo 16 kwenye simu na 24 kwenye upana wa 600 na kuendelea. Vinavyobadilika ni upana wa safu, idadi ya safu, na kipi kinakaa kando ya kipi.

Pima nafasi uliyopewa, usiulize ni simu gani

Kosa linalofuata kwa ukubwa ni kuandika swali la aina ya "hiki ni kishikwambi?" ndani ya msimbo. Tangu Android 7.0 mtumiaji anaweza kugawa skrini kati ya programu mbili, na pia anaweza kubadilisha ukubwa wa vitu vyote kwenye mipangilio ya onyesho. Simu ya dp 360 ikiongezwa ukubwa wa onyesho inaweza kuwa ya dp 320 bila kununuliwa nyingine. Kishikwambi cha dp 800 kikigawanywa, programu yako inaweza kubaki na 390. Jina la kifaa halikuambii lolote kati ya hayo.

Flutter inakupa vipimo viwili na watu huvichanganya. `MediaQuery.sizeOf(context)` inatoa ukubwa wa dirisha zima la programu. `LayoutBuilder` inatoa nafasi ambayo wijeti, yaani kipande kimoja cha skrini, imepewa na mzazi wake, yaani wijeti inayoizunguka. Kwa maamuzi ya programu nzima, kama vile menyu ikae wapi, tumia cha kwanza. Kwa maamuzi ya ndani, kama vile mstari wa bidhaa uwe na ghorofa moja au mbili, tumia cha pili. Sababu ni kwamba kwenye kishikwambi mstari huohuo unaweza kuwa ndani ya paneli ya 360: dirisha ni 1280, lakini mstari wenyewe una nafasi ya simu.

Mipaka ya kuanzia usiibuni. Miongozo ya Android inagawa upana wa dirisha kuwa mwembamba chini ya dp 600, wa kati 600 hadi 839, na mpana kuanzia 840. Simu zote za wima zinaangukia kundi la kwanza. Kishikwambi cha inchi 10 chenye dp 800 × 1280 kikisimama kinaingia la pili, kikilala la tatu.

Ila kuna mtego hapa ambao hauonekani mpaka mtu alaze simu. Simu ya dp 411 × 914 ikilazwa ina upana wa 914. Ukiangalia upana peke yake utaipa mpangilio wa paneli mbili kwenye kimo cha 411, na kibodi ikifunguka hapabaki kitu. Kwa hiyo angalia kimo pia: kikiwa chini ya 480, usipandishe daraja hata kama upana unaruhusu. Kimo hicho kichukue kwa `MediaQuery.sizeOf`, si kwa `LayoutBuilder` ya ndani ya Scaffold (fremu ya skrini nzima), kwa sababu nafasi ya ndani hupungua kibodi inapotoka na mpangilio wako utarukaruka katikati ya kuandika.

```
final dirisha = MediaQuery.sizeOf(context);
final fupi = dirisha.height < 480;
if (dirisha.width < 600) return const MauzoSafuMoja();
if (dirisha.width < 840 || fupi) return const MauzoNaReli();
return const MauzoPaneliMbili();
```

Hiyo mistari michache inatosha kwa programu nzima. Ukijikuta unaandika masharti ya namna hii kwenye faili ishirini, rudi nyuma: weka uamuzi mahali pamoja, na sehemu nyingine zipokee tu nafasi zinazopewa.

OrientationBuilder, wijeti inayosema mpangilio ni wa wima au wa mlalo, iepuke kabisa kwenye skrini zenye fomu. Haiulizi simu imeshikwaje. Inalinganisha upana na kimo cha nafasi iliyo nayo. Simu ya 360 × 640 ikiwa na mstari wa hali (wenye saa na betri) wa 24, upau wa juu wa 56 na kibodi ya takriban 270, sehemu ya kati inabaki na kimo cha 290. Kwa kuwa 290 ni pungufu ya 360, OrientationBuilder inatangaza kwamba simu imelazwa, inabadilisha mpangilio, uga wa kuandikia unaondolewa na kujengwa upya, kibodi inajifunga, nafasi inarudi, mpangilio unabadilika tena. Mtumiaji anaona kibodi inafunguka na kujifunga kama imepagawa, na wewe unatafuta hitilafu kwenye TextField ambako haipo.

Skrini ya mauzo kwenye upana wa 320

Anza na upana wa 320 kila unapochora. Kinachokaa vizuri hapo kitakaa kwenye 360 na 411 bila msaada. Ondoa pambizo 16 mara mbili, una 288 za kufanyia kazi. Hizo ndizo bajeti yako, na inafaa uzihesabu kwa penseli kabla ya kuandika msimbo.

Chukua vitufe vyako vya chini, tuseme ni Ghairi, Chapisha na Hifadhi. Kwa herufi za 14, maneno yenyewe yanachukua takriban 42, 58 na 48, jumla 148. Nafasi za ndani za vitufe vitatu ni 144. Mianya miwili ya 8 inaongeza 16. Jumla ni 308, na una 288. Havikai hata maandishi yakiwa ya kawaida, na hakuna hila ya hesabu itakayovikalisha bila kuwaumiza wenye macho dhaifu. Dawa ni kupanga upya: Hifadhi ibaki peke yake chini kwa upana wote, Ghairi iwe mshale wa kurudi juu kushoto, Chapisha ijitokeze baada ya mauzo kuhifadhiwa, maana kabla ya hapo hakuna risiti ya kuchapisha. Ukiwa na sababu ya kulazimika kuviweka pamoja, tumia `OverflowBar`: hupanga vitu kwa mlalo vikitosha, visipotosha inavishusha kimoja chini ya kingine.

Mstari wa bidhaa ndio mgumu zaidi. Una jina, vitufe vya kuongeza na kupunguza idadi, na bei. Vitufe viwili vya 48 na namba katikati ya 32 ni 128. Bei kama 1,250,000 kwa herufi za 16 inataka takriban 75. Mianya miwili ya 8 ni 16. Kutoka 288 umebakiwa na 69 za jina, yaani herufi nane hivi. "Bati migongo mipana geji 30 futi 10" itasomeka "Bati mig…", na kwa muuzaji hilo ni kosa la fedha: geji 30 na geji 28 zitafanana kwenye skrini, kwa sababu tofauti iko mwishoni mwa jina, sehemu hasa inayokatwa.

Kwa hiyo kwenye nafasi finyu jina lichukue ghorofa ya juu peke yake, likiruhusiwa mistari miwili, na idadi na bei zikae chini yake. Mpaka wa kubadilisha utoe kwenye hesabu yenyewe: 128 + 75 + 16 ni 219, na jina linataka angalau 200 ili lisomeke, basi chini ya takriban 420 tumia ghorofa mbili, juu yake tumia moja. Mpaka wa namna hii, uliotokana na kilichomo, hudumu kuliko ulionakiliwa kutoka orodha ya simu za mwaka huu.

Ndani ya Row, wijeti inayopanga vitu kwa mlalo, Text (maandishi) isiyofungwa kwa `Expanded` au `Flexible` ndiyo chanzo cha mistari mingi ya njano na nyeusi. Row huuliza kila mtoto asiye na kifungo hicho anataka upana gani, humpa, na wakizidi wanatoka nje. `Expanded` humlazimisha mtoto ajaze nafasi iliyobaki. `Flexible` humruhusu awe mdogo kuliko hiyo. Kwa jina la bidhaa tumia `Expanded`. Na usidanganyike na toleo la mwisho: mistari ile huonekana wakati wa utengenezaji tu. Mteja haoni mistari, anaona bei imepotelea ukingoni.

Kiasi cha fedha kisiwekewe vitone vya kukata, kamwe. TSh 1,250,… inaweza kuwa milioni moja na robo au bilioni. Jumla kuu ya mauzo izungushie `FittedBox` yenye `BoxFit.scaleDown`, ambayo hupunguza herufi pale tu zinapokosa nafasi na haizikuzi zaidi ya kipimo chake. Hapa peke yake ndipo ninapokubali maandishi yavutwe, kwa sababu namba ni neno moja lisilovunjika.

Na kwa kuwa programu ni ya Kiswahili, usichore kwa maneno ya Kiingereza ukitarajia kutafsiri mwisho. "Save" ni herufi nne, "Hifadhi" ni saba. "Settings" ni nane, "Mipangilio" ni kumi. Menyu ya chini yenye vipengele vitano kwenye upana wa 320 inampa kila kimoja 64 tu. "Mipangilio" kwa herufi za 12 inataka karibu 60, na mtumiaji akiongeza maandishi haikai. Vinne, na maneno mafupi: Mauzo, Bidhaa, Madeni, Zaidi.

Kibodi na kimo

Wengi hupigania upana na kusahau kwamba kimo ndicho kinachokwisha haraka. Kwenye simu ya 320 × 640, ondoa mstari wa hali 24, upau wa juu 56, menyu ya chini ya 80 na vitufe vya mfumo 48: umebaki na 432. Kibodi ikifunguka inafunika menyu na vitufe vya mfumo, na sehemu ya fomu inashuka hadi karibu 290. Fomu yenye uga tano na kitufe haitoshi hapo, na Column (wijeti inayopanga vitu juu kwenda chini) isiyosogezeka inatoa mistari yako ya njano.

Fomu yoyote iwekwe ndani ya `SingleChildScrollView`, inayoiruhusu kusogezwa, hata ile ambayo kwenye simu yako inatosha. Ukitaka kitufe kikae chini kabisa fomu ikiwa fupi na kisogee pamoja nayo ikiwa ndefu, weka `LayoutBuilder` nje, `SingleChildScrollView` ndani yake, kisha `ConstrainedBox` yenye `minHeight` sawa na kimo kilichopatikana, kisha Column yenye `MainAxisAlignment.spaceBetween` na watoto wawili: kundi la uga juu, kitufe chini. Usiweke `Expanded` moja kwa moja ndani ya Column hiyo. Ndani ya kitu kinachosogea kimo hakina kikomo, na Flutter italalamika kwamba haiwezi kugawa kisicho na mwisho. Wengine hulitatua hilo kwa `IntrinsicHeight`. Inafanya kazi, lakini haikubali `LayoutBuilder` chini yake, kwa hiyo mstari wetu wa bidhaa wa ghorofa mbili utagoma humo.

Kitufe ulichokiweka kwenye `bottomNavigationBar` ya Scaffold hakipandi na kibodi, kinafunikwa. Kwa kitufe cha kuhifadhi fomu, hiyo ni sehemu mbaya.

Kishikwambi

Hapa raha yake ni kwamba vipande vyote unavyo tayari. Kwenye 600 na kuendelea, menyu ya chini inahamia kushoto kama `NavigationRail` yenye upana wa karibu 80, maana mikono inayoshika kishikwambi iko pembeni na kimo kinaokolewa. Kwenye 840 na kuendelea, orodha ya bidhaa inakaa kushoto kwa 320 hadi 360, na mauzo yanayoendelea yanachukua kilichobaki. Ni wijeti zilezile za simu. Kwenye simu zinafunguliwa moja baada ya nyingine, hapa zinakaa pamoja.

Fomu zisifuate upana wote. Uga wa "Jina la mteja" wenye urefu wa 1100 unamfanya mtu asafiri na macho kwa ajili ya herufi kumi. Izungushie `ConstrainedBox` ya `maxWidth` 480 hadi 560 na uiweke katikati kwa `Center`. Ukisahau `Center`, mzazi anaweza kuilazimisha ijae upana wote na utashangaa kwa nini kikomo hakisikiki.

Picha za bidhaa ziwe kwenye gridi ambayo hukuandika idadi ya safu. `SliverGridDelegateWithMaxCrossAxisExtent` yenye `maxCrossAxisExtent` 180 na mianya ya 12 itatoa safu mbili za 138 kwenye simu ya 320, mbili za 158 kwenye ya 360, na nne za karibu 160 kwenye kishikwambi cha 800 baada ya kuondoa reli na pambizo. Kadi zinabaki na ukubwa unaokaribiana kila mahali. Kinachoharibu gridi hizi ni `childAspectRatio`: inafunga kimo kwa upana, kwa hiyo kwenye simu nyembamba kadi inafupika na bei inatoka chini. Weka `mainAxisExtent`, na sehemu ya maandishi ifuate ukubwa wa herufi wa mtumiaji, kwa mfano 96 za picha kujumlisha `MediaQuery.textScalerOf(context).scale(16) * 3` za maandishi.

Picha zenyewe zipunguze wakati wa kuzifungua. Picha ya kamera ya 3000 × 4000 inakula takriban megabaiti 48 za kumbukumbu ikifunguliwa, hata kama inaonyeshwa kwa ukubwa wa stempu. Toa `cacheWidth` sawa na upana wa kadi mara `devicePixelRatio`.

Jambo la kuangalia sana ni taarifa zinazopotea wakati mpangilio unabadilika. Muuzaji ameshaingiza bidhaa saba, anageuza kishikwambi, paneli mbili zinakuwa moja, na kikapu kimekuwa kitupu. Hiyo hutokea kikapu na `TextEditingController` (zinazoshika kilichoandikwa kwenye uga) zikiwa ndani ya wijeti ya mpangilio, ambayo inatupwa na nyingine kujengwa. Ziweke juu ya pale uamuzi wa upana unapofanyika, na mipangilio yote mitatu izisome kutoka huko. Mahali orodha ilipofikia kusogezwa panahifadhiwa kwa `PageStorageKey`.

Kuhusu kufunga mzunguko

Kwenye simu unaweza, kwa `SystemChrome.setPreferredOrientations`. Kwenye vishikwambi mlango huo unafungwa: programu inayolenga Android 16, yaani API 36, ikifunguliwa kwenye skrini ambayo upande wake mfupi ni dp 600 au zaidi, mfumo unapuuza amri za mzunguko na za kuzuia kubadilishwa ukubwa. Michezo imeachwa nje ya sheria hiyo. Kufunga ni kuahirisha kazi ileile.

Kuna badiliko jingine ambalo huenda limeshakugusa. Programu inayolenga Android 15, API 35, huchorwa hadi kingo za skrini, chini ya mstari wa hali na chini ya vitufe vya mfumo. Kitufe kilichokuwa kimekaa vizuri kinajikuta chini ya alama ya kurudi nyuma. AppBar na NavigationBar zinajipanga zenyewe. Mwili wa Scaffold hauna msaada huo, kwa hiyo fomu iwe ndani ya `SafeArea`, inayokwepa sehemu hizo za mfumo. ListView nayo huongeza nafasi hiyo yenyewe, lakini ukiiandikia `padding` yako inaacha, na bidhaa ya mwisho kwenye orodha inabaki nusu imefunikwa. Jumlisha `MediaQuery.paddingOf(context).bottom` kwenye padding yako.

Kujaribu kwa simu moja

Huna haja ya kukopa simu za mtaa mzima. Kwa simu moja yenye pikseli 720 × 1600 na waya wa USB unapata zote, kwa kubadilisha msongamano kwa `adb`, zana ya kuiamuru simu ya Android kutoka kwenye kompyuta:

```
adb shell wm density 360    (upana wa dp 320)
adb shell wm density 192    (upana wa dp 600)
adb shell wm density 137    (upana wa dp 841)
adb shell settings put system font_scale 1.3
adb shell wm density reset
```

Kwa simu ya pikseli 1080 namba ni 540, 288 na 205. Vitu vitaonekana vidogo sana kwenye hizo mbili za mwisho, lakini unachokagua ni mpangilio. Ukimaliza rudisha `font_scale` kuwa 1.0. Muunganiko unaovunja programu nyingi ni dp 320 pamoja na maandishi 1.3, kibodi ikiwa wazi. Anzia hapo kila mara. Android 14 inaruhusu maandishi hadi asilimia 200, kwa hiyo pitisha na 2.0 pia: skrini haitapendeza, lakini kila kitu kiwe kinafikika kwa kusogeza.

Kisha iandikie majaribio ya wijeti ili usirudie kwa mkono. Weka `tester.view.physicalSize = const Size(320, 640)` na `tester.view.devicePixelRatio = 1.0`, fungua skrini ya mauzo, na uongeze `addTearDown(tester.view.reset)`. Kitu kikifurika, jaribio linaanguka lenyewe bila wewe kuandika sharti lolote. Fonti ya majaribio ya Flutter, hata hivyo, ina herufi za mraba, kila moja ikiwa na upana sawa na ukubwa wake, kwa hiyo maneno yanakuwa mapana karibu mara mbili ya hali halisi na majaribio yataanguka pasipo tatizo. Pakia fonti yako halisi kwa `FontLoader` mwanzoni mwa majaribio kabla hujaanza kurekebisha kisichoharibika.